Tikiti kwa maji ya chumvi: shajara ya shamba la Kipungani

Novemba, vuli ikielekea ukingoni

Kisima leo asubuhi kimesoma 1.9. Jioni, baada ya pampu kuvuta kutwa, kisima kile kile kimesoma 3.4. Kipimo ni dS/m, yaani namna maji yanavyopitisha umeme: chumvi ikizidi, umeme hupita kwa wepesi zaidi. Kwa hesabu ya harakaharaka, 1 dS/m ni kama miligramu 640 za chumvi ndani ya lita moja. Bahari yenyewe husoma 50 na kitu. Maji yetu basi yako mbali na bahari, ila ukiyachemshia chai utayajua.

Shamba liko Kipungani, upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu, nyuma ya minazi. Ni la mzee aliyelilima tangu ujana wake. Kazi yangu mimi ni daftari, kipima chumvi na kubishana. Tunataka kujua kama tikiti maji aina ya Sugar Baby, na tikiti tamu la jamii ya Galia ambalo wauzaji huliita meloni, yanaweza kulipa kwa maji haya katika miezi ya kaskazi, wakati mvua imekatika na Ramadhani iko njiani. Tikiti nyingi zinazokatwa mjini wakati wa futari huvuka maji kutoka bara, na nauli yake hulipwa na mlaji.

Kwenye makaratasi dalili si nzuri. Watafiti Maas na Hoffman walionyesha mwaka 1977 kwamba mazao mengi huvumilia chumvi ya udongo hadi kizingiti fulani, na ukikipita mavuno hushuka kwa mstari ulionyooka. Kwa tikiti tamu kizingiti kinachotajwa ni 1.0 tu, na kila dS/m moja inayoongezeka hula asilimia 8.4 ya mavuno. Mtende huanza kuumia kwenye 4.0 na hupoteza asilimia 3.6 tu kwa kila hatua, ndiyo maana unasimama ulipo. Lakini linganisha na maharagwe: kizingiti chao ni kile kile 1.0, na hupoteza asilimia 19. Tikiti huanza kuumia mapema, ila haliporomoki kwa kishindo. Hapo ndipo tunapojishikiza.

Mwisho wa Novemba, kitaluni

Mbegu tumezisia kwenye trei na tunazinywesha maji matupu ya jabia, birika la kukingia mvua. Jabia la mzee lilijaa mvua za mwaka, yaani masika, na vuli imeliongeza kidogo, lakini halitoshi kumwagilia shamba hata kwa juma moja. Hapa kitaluni linatosha na kubaki. Tikiti changa halina ubavu wa kupambana na chumvi, na trei nzima kwa siku hainywi hata kinachonywewa na shina moja lililokomaa. Maji matamu yakiwa haba, mahali pake ni hapa.

Trei moja tumeipa kwa makusudi maji ya kisima ya jioni. Imechelewa kuota, na imeota kwa mapengo.

Nusu ya miche tunaibebesha, yaani tunaunga shina la tikiti juu ya mzizi wa mmea mwingine. Wajapani walianza kubebesha tikiti maji juu ya mimea ya jamii ya maboga miaka ya 1920 ili kukwepa ugonjwa wa mnyauko unaokaa ardhini. Siku hizi hufanywa pia kwa sababu ya chumvi, kwa kuwa mizizi ya jamii ya maboga huibana sodiamu chini isipande kwa wingi majanini. Sisi tumetumia boga la kienyeji kuwa shina la chini la meloni, na mmung'unye kwa tikiti maji.

Kazi yenyewe ni ya macho na subira. Wembe uwe mpya. Unaondoa kichipukizi kinachochomoza katikati ya majani mawili ya kwanza ya boga, unakikwangua hadi mzizi wake kwa sababu kikibaki kitachipua tena na kumnyima mgeni nafasi. Unatoboa hapo tundu la mshazari kwa kijiti cha chelewa kilichochongwa, unachonga shina la tikiti kama kalamu, unalidunga tunduni mpaka libane lenyewe bila kufungwa uzi. Kisha trei nzima inaingia ndani ya nailoni, kivulini, unyevu usitoke, na nailoni hufunguliwa kidogo kidogo kadiri miche inavyojipa nguvu.

Ya mke wa mzee imeshika karibu yote. Ya vijana inanyauka mmoja baada ya mwingine. Kijiji hiki ni cha wasukaji mikeka, na vidole vilivyokulia kwenye miyaa havitetemeki mbele ya wembe. Tumemwachia yeye kazi, vijana wamepewa majembe.

Desemba, kaskazi imeshika

Miche imeingia shambani. Matuta mapana, mpira wa matone juu ya kila tuta, shina liko kiganja kimoja tu kutoka kwenye tone. Umbali huo una maana. Maji ya matone yanapoenea udongoni huisukuma chumvi mbele yake na kuiacha pembezoni, pale unyevu unapokomea. Katikati, chini ya tone, ndipo pasafi kuliko kote. Ukipanda mche pembezoni umeupeleka kwenye chumvi yote ya tuta. Ukienda na jua la saa saba utaona mwenyewe ule ukungu mweupe juu ya mchanga, umejipanga mstari kando ya tuta, na ukiulamba (nimeulamba) hauhitaji kipimo.

Hesabu ya maji tumeifanya kwa kanuni inayotumiwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Ukitaka chumvi isirundikane, sehemu ya maji lazima ipite chini ya mizizi na kuondoka nayo. Sehemu hiyo hupatikana kwa kugawa chumvi ya maji kwa mara tano ya chumvi ya udongo unayoikubali, ukiwa umetoa kwanza ile ya maji. Wastani wa kisima kwa kutwa ni kama 2.8. Tukikubali udongo ufike 3.6, hesabu inakuwa 2.8 kwa 15.2, yaani asilimia 18. Kwa hiyo kila tuta linapata maji ya mmea pamoja na ziada hiyo.

Mzee hakuipenda ziada. Kwake maji yanayopita chini ya mzizi yamepotea, na kwa mtu aliyevuta maji kwa ndoo na kamba maisha yake yote siwezi kumlaumu. Tumekubaliana safu moja imwagiliwe kwa kiasi chake, bila ziada, tuone.

Mchanga wetu una heri moja: hauhifadhi kitu. Mbolea hukimbia, maji hukimbia, lakini na chumvi hukimbia vile vile ukiisukuma. Kwenye udongo mfinyanzi habari ingekuwa nyingine, maana sodiamu huuziba udongo wenyewe na maji hayapenyi tena.

Desemba, baadaye

Punda wawili wameingia usiku na kula mwisho wa safu ya nne. Hawakujali lipi limebebeshwa na lipi halikubebeshwa. Uzio umerekebishwa.

Januari, siku za bamvua

Nimeshinda kisimani. Tofauti ile ya asubuhi na jioni ilikuwa inanikera, nikataka kuona inatokea saa ngapi. Nikapima kila baada ya muda huku pampu ya sola ikivuta: maji yalianza 1.9, yakakaa hapo kwa muda mrefu kiasi, kisha yakaanza kupanda taratibu, na jua lilipokuwa kali na pampu kushika kasi, yakapanda upesi. Yaani pampu inafanya kazi zaidi wakati ule ule kisima kinapozidiwa.

Mzee alikuwa amekaa chini ya mnazi akinitazama. Akasema, «Mwanangu, kisima hiki ukikivuta kwa pupa chatia munyu. Kiwate kipumue.»

Anachokisema kina hesabu yake. Maji matamu ya kisiwa huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya ardhi, kwa sababu ni mepesi kidogo. Mholanzi Badon Ghijben aliliandika hilo mwaka 1888 na Mjerumani Herzberg mwaka 1901: kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, chini yake kuna karibu mita 40. Inasikika kama utajiri, mpaka uigeuze. Ukiyashusha maji ya kisima kwa nusu mita na kuyaweka hivyo, chumvi huanza kupanda kutoka chini kwa kipimo cha mita nyingi, na hupanda hasa pale chini ya mdomo wa pampu, ikivutwa juu kama chuguu. Ukiacha kuvuta hushuka, lakini haina haraka ya kushuka.

Kwa hiyo tumebadilisha vitu viwili. Mdomo wa bomba ulikuwa karibu na sakafu ya kisima. Tumeufunga kwenye dumu tupu lililozibwa, sasa unaelea na kunywa maji ya juu tu. Na pampu haivuti tena kutwa: inavuta asubuhi, inapumzika, inavuta tena kidogo alasiri, maji yanaingia tangini na matuta yananyweshwa kutoka tangini. Wastani wa tangi umeshuka ukakaa karibu na 2.1. Kwa jedwali la vizingiti, ambalo halilingani sawasawa na kanuni ile ya ziada, maji ya 2.8 yakimwagwa na ziada ya wastani huufikisha udongo kama 4.2, na mavuno ya meloni hubaki asilimia 73. Maji ya 2.1 huufikisha kama 3.2, na hubaki asilimia 82. Tofauti hiyo imetoka kwenye dumu moja na kamba, kabla hatujagusa mbegu wala mbolea. Watu wengi huniuliza mbegu gani inavumilia chumvi. Mimi siku hizi huwauliza kwanza bomba lao limefika wapi.

Hapo hapo nikakumbuka Takwa, magofu ya mji wa kale kwenye kisiwa jirani cha Manda. Mji ule uliachwa katika karne ya 17, na mojawapo ya sababu zinazotajwa ni visima kuingia chumvi. Wenyeji wake walihamia Shela, ng'ambo tu, ambako matuta ya mchanga huimeza mvua na kuihifadhi, nayo ndiyo yanayounywesha mji wa Lamu hadi leo. Anayechota mchanga wa Shela kwenda kujengea anauza kifuniko cha kisima cha mji mzima, lakini hiyo si habari ya tikiti.

Mwisho wa Januari

Sasa tofauti zinaonekana bila kipimo. Meloni lisilobebeshwa, kwenye safu ya mzee isiyo na ziada ya maji, limeanza kuungua majani. Linaungua kutoka ukingoni kuja ndani, na linaanza na majani ya zamani, kwa kuwa huko ndiko sodiamu na kloraidi hurundikana kadiri jani linavyoendelea kuvuta maji. Majani mapya yametoka madogo, kijani chake kimekoza mno. Safu ya pili yake, mbegu ile ile, maji yale yale pamoja na ziada, ina ukingo wa kahawia hapa na pale tu. Lililobebeshwa juu ya boga lina majani mapana na limeshafunika tuta.

Tikiti maji juu ya mmung'unye limenitatiza. Limekua kwa fujo, majani matupu, likachelewa kuweka maua ya kike. Boga na mmung'unye vina nguvu kuliko mgeni aliyewekwa juu yake, na ukiendelea kulisha naitrojeni kwa mazoea unapata kivuli badala ya tunda. Tumepunguza.

Mbolea pia ni chumvi, jambo ambalo dukani haliandikwi kwenye gunia. Kloraidi ya potasiamu ni ya bei nafuu, ila katika shamba la namna hii inaongeza kloraidi juu ya kloraidi, kwa hiyo tumechukua salfeti ya potasiamu ijapokuwa ina gharama. Potasiamu yenyewe mmea unaihitaji sana, maana sodiamu hugombea mlango mmoja nayo mizizini. Samadi ya punda, ambayo Lamu haina upungufu wake, nayo hubeba chumvi ya mkojo. Niliiloweka mbichi na kuipima, nikaishia kuitandaza mahali mvua za mwaka zitakapoiosha. Iliyotumika ni ile kuukuu, iliyokwisha kuoshwa na mvua.

Nyuki ni wengi, wanatoka mikokoni. Hatukuhitaji kuchavusha kwa mkono.

Februari, kabla ya mwezi kuandama

Imenyesha usiku. Mvua nyepesi ya kaskazi, isiyotosha hata kulowesha paa la makuti hadi ndani. Asubuhi kila mtu alifurahi na kijana wa pampu akataka kuacha maji kupumzisha kisima. Mzee naye aliunga mkono.

Hapana. Mvua ndogo ni hatari kwa shamba la matone kuliko jua. Chumvi yote iliyokaa ule mstari mweupe pembezoni mwa tuta huyeyuka na kurudi ndani, mzizini, na mvua yenyewe haina nguvu ya kuisukuma chini zaidi. Njia ni kufungua matone mvua inapoendelea na kuyaacha mpaka itakapokwisha, ili unyevu wa katikati uizuie chumvi isiingie. Tukafungua kila mahali isipokuwa safu ya mzee, kwa kuwa masharti ya safu ile ni yake. Kufikia adhuhuri majani ya safu ile yalikuwa yamelala chali, udongo ukiwa mbichi. Mzee akachutama, akafukua kwa kidole karibu na shina, akaonja mchanga, akatema. Hakusema neno, akaenda mwenyewe kufungua bomba.

Safu ile ilisimama tena baada ya siku kadhaa, ila matunda machanga mengi yalikuwa yameshapukutika.

Ramadhani, mavuno

Sugar Baby tunalivuna kikono cha kujishikia kilicho karibu na bua la tunda kikikauka na doa la chini likigeuka manjano. Galia hujisema lenyewe: wavu juu ya ganda hukamilika, rangi hugeuka, harufu hutangulia, na tunda huachia bua kwa kuguswa.

Matunda ni madogo. Hilo halina pa kujificha. Sugar Baby lisilobebeshwa mengi hayafiki kilo mbili na nusu, ya juu ya mmung'unye yamezidi hapo, na Galia juu ya boga ndilo lililotoa matunda mengi zaidi kwa kila shina. Safu ya mzee imetoa mabaki.

Upande wa pili wa mizani ni sukari. Chumvi ya wastani huufanya mmea uweke maji kidogo tundani na kukoleza kilichomo. Kipima sukari kimesoma 12 na zaidi kwenye Galia lisilobebeshwa, kwa kipimo cha Brix, ambacho ni karibu asilimia ya sukari kwenye maji ya tunda. Lililobebeshwa limesoma chini kidogo, karibu na 11, na nyama yake karibu na ganda ni ngumu zaidi. Kiwango cha biashara cha UNECE, tume ya uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya, hutaka meloni nyingi zifike 8 tu, na zile za aina ya Kifaransa ya Charentais 10. Kwa utamu basi hatudaiwi na mtu.

Sokoni mjini Lamu, kando ya Ngome, habari ikawa nyingine. Tikiti maji huuzwa kwa jicho: mnunuzi anataka kubwa, la kukatwa vipande kwenye sinia la futari. Dalali alilipiga kofi letu, akalisikiliza, akasema, «Sheikh, zuri, lakini dogo. Hili ni la mtu na mkewe.» Tukalikata moja palepale, akaonja, akaongeza bei kidogo, ila hakuifikisha bei ya tikiti la bara. Galia lilikwenda vizuri kuliko nilivyodhani, kwenye nyumba za wageni za Shela, kwa kilo, na huko udogo ulikuwa sifa kwa sababu tunda moja linatosha meza moja. Ukitoa mafuta ya boti, nailoni na mbolea, Galia juu ya boga ndilo peke yake lililoacha pesa ya maana. Tikiti maji lilijilipa lenyewe na kubakiza kidogo. Mimi ningeliacha. Mzee analitaka libaki, anasema nyumba ya Lamu haifuturu na meloni.

Nzi wa matunda waliingia mwishoni. Mitego ilisaidia, na matunda yaliyotobolewa yalizikwa.

Aprili, mvua za mwaka

Zimeanza kwa nguvu. Nimechukua udongo kabla na baada, kwenye kina cha mizizi, nikauloweka kwa kipimo kimoja cha maji na kupima. Huwezi kuilinganisha namba hiyo moja kwa moja na ile ya jedwali, lakini mwelekeo unausoma. Matuta yaliyokuwa yakipata ziada yameshasafika. Safu ya mzee bado iko juu, na mstari mweupe umeshuka chini badala ya kutoweka, kwa hiyo itahitaji mvua nyingine nyingi.

Msimu ujao safu zote zitapata ziada, na mzee ameridhia. Meloni lote litabebeshwa juu ya boga, tikiti maji nusu tu, na naitrojeni itakatwa mapema. Jabia litapigwa chokaa upya kabla ya vuli kwa sababu linavuja pembe ya kaskazini. Pampu itawekewa saa ya kuizima yenyewe, maana kijana wa pampu naye hufunga, na alasiri ya Ramadhani hakuna anayekumbuka bomba. Mke wa mzee ameshaanza kukausha mbegu za boga, na ametangaza kwamba atakayetaka kufundishwa wembe atamlipa kwa tikiti, kubwa.